Uchaguzi wa betri ya gari la njia ngumu

Uchaguzi wa betri ya gari la njia ngumu ni kazi ya kulinganisha betri mpya na gari, njia na matumizi yake, pale betri ya zamani inapochoka. Gari la njia ngumu ni gari linaloweza kusukumwa na magurudumu yote manne, kama vile Toyota Land Cruiser au Land Rover Defender, na linatumika mahali ambapo barabara ni ya udongo, mawe au matope.

Makala hii inaeleza uchaguzi huo kwa mfano wa Mabamba, kata ya Wilaya ya Kibondo katika Mkoa wa Kigoma, nchini Tanzania, pamoja na wilaya jirani ya Kasulu. Kanuni zake zinafaa pia mahali pengine penye njia za aina hiyo.

Mazingira

Mabamba iko magharibi mwa mji wa Kibondo, kwenye mpaka wa Tanzania na Burundi. Eneo lote ni sehemu ya nyanda za juu za Kigoma, zilizo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia mnamo Novemba hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo njia za udongo huwa na utelezi na makorongo. Miezi ya kiangazi huleta vumbi jekundu, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi.

Magari ya aina ya Land Cruiser ni mengi katika wilaya hizi. Hutumiwa na idara za serikali, hospitali, misheni, askari wa hifadhi na mashirika yanayohudumia wakimbizi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu mwaka 1996, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015. Watu wengi huliita Land Cruiser la aina hii "mkonga", kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda kando ya kioo cha mbele.

Kwa mkazi wa mjini, betri iliyokufa ni usumbufu wa saa moja, maana fundi yuko karibu na gari la kubusti hupatikana. Kwa gari la wagonjwa lililozimika usiku kati ya kata ya mpakani na hospitali ya wilaya, betri hiyohiyo inaweza kumgharimu mgonjwa maisha. Ndiyo maana bei peke yake si kipimo cha kutosha cha kuchagulia betri.

Betri inavyofanya kazi

Betri ya kawaida ya gari ni betri ya risasi na asidi. Iligunduliwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Mwaka 1881 Mfaransa mwenzake, Camille Alphonse Faure, aliboresha pleti zake hata ikawezekana kuzitengeneza kwa wingi viwandani. Matumizi ya betri kuwasha injini yalienea baada ya kampuni ya Cadillac ya Marekani kuweka stata ya umeme kwenye magari yake mwaka 1912, kazi iliyoongozwa na Charles Kettering. Kabla ya hapo injini ziliwashwa kwa kuzungusha mkono wa chuma.

Betri ya volti 12 ina seli 6, na kila seli hutoa takriban volti 2.1. Ndani ya kila seli mna pleti za risasi zilizozama katika mchanganyiko wa asidi ya salfuriki na maji. Betri inapotoa umeme, salfeti ya risasi hujijenga juu ya pleti. Inapochajiwa na altaneta, salfeti hiyo huyeyuka tena. Betri ikiachwa muda mrefu bila chaji, salfeti hugeuka kuwa fuwele ngumu zisizoyeyuka kwa urahisi. Hii ni sababu mojawapo kubwa ya vifo vya betri.

Injini ya dizeli huhitaji betri yenye nguvu kuliko injini ya petroli ya ukubwa uleule, kwa sababu hewa ndani ya silinda zake hukandamizwa zaidi. Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 70, ulioanza kutengenezwa mwaka 1984, zina injini ya dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 4.2. Stata ya injini kama hiyo huvuta mamia ya ampea kwa sekunde chache. Zaidi ya hayo, plagi za kupasha moto silinda hutumia umeme kabla stata haijaanza kuzunguka.

Kuthibitisha kwamba betri ndiyo mbovu

Betri nyingi hubadilishwa bila kosa lake. Kama altaneta haichaji, au kuna kifaa kinachovuta umeme gari likiwa limezimwa, betri mpya nayo itaisha baada ya siku chache. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya uchaguzi ni kupima, na mita ya kawaida ya umeme inatosha.

Kipimo cha kwanza hufanywa gari likiwa limepumzika kwa saa kadhaa, afadhali usiku mzima. Kwa betri ya volti 12 matokeo husomwa takriban hivi:

- volti 12.6 au zaidi: betri imejaa
- volti 12.4: chaji iko karibu robo tatu
- volti 12.2: chaji iko nusu
- volti 12.0: imebaki takriban robo
- volti 11.8 au chini: betri imekwisha

Kipimo hiki huonyesha chaji tu, si uzima wa betri. Betri inayosoma volti 12.2 inatakiwa ichajiwe kwanza kabla ya kuhukumiwa.

Kipimo cha pili hufanywa wakati stata inazunguka. Betri iliyojaa ikishuka chini ya takriban volti 9.6 kwenye hali ya hewa ya kawaida, kuna uwezekano mkubwa kwamba imechoka. Kipimo cha tatu hufanywa injini ikiwa inanguruma: volti ziwe kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Zikibaki chini ya 13.5, altaneta, mkanda wake au nyaya zina hitilafu. Zikizidi 14.8, betri inachemshwa na maji yake yatapungua haraka.

Kwa betri yenye vifuniko vinavyofunguka, fundi anaweza kupima uzito wa asidi kwa haidromita. Seli iliyojaa husoma karibu 1.27. Seli moja ikisoma chini sana kuliko nyingine tano hata baada ya kuchajiwa, seli hiyo imekufa na betri haiponi.

Mwisho, vichwa vya betri na waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na injini huangaliwa. Kwenye njia zenye mitikisiko nati hulegea, na ungaunga mweupe au wa kijani hujijenga kwenye vichwa. Kusafisha kwa maji ya moto na magadi kidogo, kisha kukaza nati, kumerudisha magari mengi barabarani bila kununua chochote. Maji hayo ya magadi yasiingie ndani ya seli, kwa kuwa huharibu asidi.

Kusoma maandishi ya betri

Betri nyingi zinazouzwa Afrika ya Mashariki kwa magari ya Kijapani zimeandikwa kwa mfumo wa viwango vya Japani. Katika mfumo wa zamani, ambao bado ndio unaotajwa madukani, majina ni kama NS40, NS60, N50, N70 na N100. Kwa ukubwa wa N50, N70 na N100, namba inakaribiana na ujazo wa betri kwa ampea-saa. Hata hivyo NS60 haina ampea-saa 60, bali takriban 45. Kwa hiyo si kila namba ni ya kusomwa moja kwa moja.

Mfumo mpya huandika kwa mfano 95D31R. Namba ya kwanza ni daraja la nguvu: kadiri inavyokuwa kubwa ndivyo betri inavyokuwa na uwezo zaidi, lakini si idadi ya ampea-saa. Herufi D huonyesha kundi la upana na kimo. Namba 31 ni urefu kwa sentimita. Herufi ya mwisho, L au R, huonyesha upande vilipo vichwa. Betri ya N70 ina ukubwa wa D31, yaani urefu wa sentimita 31 hivi.

Mambo manne hulinganishwa na betri ya zamani au kitabu cha gari:

Ukubwa. Betri ikae kwenye kitako chake bila kucheza na bila kugusa boneti. Betri ndefu kupita kiasi inaweza kugusana na chuma cha boneti gari linaporuka shimo, na mguso mmoja wa kichwa cha chanya unatosha kuleta moto.

Upande wa vichwa. Betri yenye L na yenye R zimegeuziana chanya na hasi. Ukinunua isiyolingana, waya huenda usifike, au mtu akaunganisha kinyume na kuunguza altaneta na vifaa vya elektroniki.

Ujazo. Huandikwa kwa ampea-saa (Ah). Huonyesha ni kwa muda gani betri inaweza kuhudumia taa, redio na vifaa vingine.

Nguvu ya kuwashia. Mara nyingi huandikwa kwa herufi CCA. Ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa muda mfupi kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri za selsiasi. Baridi kama hiyo haipo Kibondo wala Kasulu, lakini namba hiyo husaidia kulinganisha betri mbili dukani. Inafaa isiwe chini ya ile iliyotajwa na mtengenezaji wa gari.

Uzito pia ni shahidi mzuri. Betri ya ukubwa wa N70 yenye asidi huwa na kilogramu 17 hadi 22 hivi. Betri mbili za ukubwa na aina moja zikitofautiana sana kwa uzito, nyepesi kwa kawaida ina risasi kidogo ndani yake, hata kama lebo zao zinafanana.

Aina za betri

Betri ya maji ni ile yenye vifuniko vinavyofunguka. Maji yake hupungua na lazima yaongezwe kwa maji ya betri yaliyochujwa, si ya kisima wala ya mtoni, kwa kuwa madini yake huharibu pleti. Faida yake ni kwamba hupimika seli kwa seli na huvumilia altaneta ya zamani inayochaji vibaya kidogo. Inamfaa mtu aliye tayari kuiangalia kila mwezi.

Betri isiyoongezwa maji huitwa mtaani "betri kavu", ingawa ndani yake mna asidi. Haimwagiki kwa urahisi na haihitaji kazi nyingi. Lakini altaneta ikizidisha chaji, maji yaliyopotea hayarudishiki, na betri hufa bila dalili za mapema.

Betri ya mikeka ya nyuzi za kioo, inayotambulika kwa herufi AGM, ina asidi iliyofyonzwa katika mikeka iliyobana pleti. Kwa sababu pleti zimebanwa, huvumilia sana mitikisiko, na pia huvumilia kutumika kwa kina zaidi. Bei yake ni kubwa, na inahitaji mfumo wa chaji ulio sahihi. Kwenye gari la zamani lenye altaneta inayochemsha, fedha hiyo hupotea bure.

Betri ya lithiamu ni nyepesi na hudumu, lakini mara nyingi huhitaji kidhibiti chake cha chaji. Haifai kuwekwa badala ya betri ya risasi bila fundi kuangalia kwanza mfumo wa umeme wa gari.

Kwa Land Cruiser ya kazi katika njia za Mabamba, betri ya maji yenye ubora, ya ukubwa uliotajwa na mtengenezaji, iliyofungwa imara, mara nyingi ni chaguo lenye busara kuliko betri ya gharama isiyoweza kupimwa wala kutengenezwa karibu.

Tarehe ya kutengenezwa

Betri yenye asidi huanza kuzeeka tangu siku ilipojazwa, hata kama iko rafuni. Hupoteza chaji polepole kila mwezi, na joto huongeza kasi hiyo. Betri iliyokaa zaidi ya miezi 6 bila kuchajiwa inaweza kuwa na salfeti ngumu kabla haijauzwa. Katika mji mdogo ambako betri kubwa huuzwa chache, jambo hili ni muhimu kuliko jina la kampuni.

Mnunuzi anaweza kuangalia tarehe iliyopigwa kwenye kasha au kichwa cha betri, kisha kuomba ipimwe mbele yake. Betri mpya yenye asidi inayosoma chini ya volti 12.4 ni afadhali iachwe, au ichajiwe na kupimwa tena kabla ya kulipiwa.

Ipo pia betri inayouzwa tupu, ambayo asidi yake humiminwa siku ya kununua. Betri hiyo huweza kukaa stoo muda mrefu bila kuharibika sana, mradi vizibo vyake havijafunguliwa. Kwa miji iliyo mbali na bandari na viwanda hiyo ni faida kubwa. Baada ya kujazwa huachwa itulie kwa nusu saa hivi, na ni vizuri ichajiwe kabla ya kufungwa kwenye gari.

Magari yenye betri mbili

Baadhi ya magari ya dizeli yana betri mbili. Kabla ya kununua ni lazima kujua zimeunganishwaje. Zikiwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, mfumo ni wa volti 12. Zikiwa mfululizo, chanya ya moja na hasi ya nyingine, hutoa volti 24. Miongoni mwa Land Cruiser za dizeli zilizoletwa zikiwa zimetumika kutoka Japani zimo ambazo stata yake ni ya volti 24 huku taa zikiwa za volti 12. Fundi asiyelijua hilo anaweza kuharibu stata.

Betri mbili zinazofanya kazi pamoja hubadilishwa pamoja, zikiwa za aina, ukubwa na umri mmoja. Betri mpya ikiunganishwa na iliyochoka, iliyochoka huivuta mpya, na zote mbili huisha mapema.

Vifaa vya ziada

Redio za mawasiliano, kifaa cha kufuatilia gari, taa za nyongeza, winchi na friji ya chanjo vyote hutumia betri. Hesabu yake ni rahisi. Friji inayovuta wastani wa ampea 4 kwa saa 10 za usiku hutumia ampea-saa 40. Betri ya kuwashia yenye ampea-saa 70 haifai kutumiwa zaidi ya nusu ya chaji yake, yaani ampea-saa 35. Kwa hiyo gari hilo huenda lisiwake asubuhi, hata kama betri ni mpya na nzuri.

Suluhisho si kununua betri kubwa isiyoenea kwenye kitako. Linalofaa ni betri ya pili kwa ajili ya vifaa, ya aina inayovumilia kutumika kwa kina, ikitenganishwa na betri ya kuwashia kwa swichi maalumu. Kwa njia hiyo friji hata ikiimaliza betri yake, injini bado itawaka. Kwa gari linalokaa siku nyingi bila safari, kuondoa waya wa hasi au kuwa na paneli ndogo ya jua yenye kidhibiti chaji huzuia betri kuisha.

Kusukuma gari si kinga ya uhakika. Gari lenye gia za mkono linaweza kuwaka kwa kusukumwa, lakini hata hilo kwa kawaida huhitaji umeme kidogo ili dizeli ifike kwenye injini. Gari lenye gia otomatiki kwa kawaida haliwaki kwa njia hiyo.

Kufunga betri

Kwenye njia yenye matuta, betri isiyofungwa vizuri hufa mapema: pleti hupasuka, na unga wa risasi huanguka chini na kuunganisha pleti za chanya na hasi. Kishikilio cha chuma na boliti zake ni sehemu ya betri, na kamba ya mpira si badala yake.

Wakati wa kutoa betri, waya wa hasi hutolewa kwanza. Wakati wa kufunga, chanya hufungwa kwanza na hasi mwisho. Mpangilio huu hupunguza hatari ya spana kugusa bodi na kutoa cheche. Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, hivyo sigara na moto huwekwa mbali. Asidi ikiingia machoni au kumwagikia ngozi, huoshwa mara moja kwa maji mengi safi, na aliyeumia macho apelekwe kwa mganga.

Betri ya zamani

Betri iliyokufa bado ina thamani, kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kutumika tena. Lakini risasi ni sumu. Huathiri hasa ubongo wa watoto, hata kwa kiasi kidogo. Kuvunja betri nyumbani, kumwaga asidi shambani au kuyeyusha risasi katika sufuria ni hatari kwa familia na majirani.

Mfano unaojulikana zaidi Afrika ya Mashariki ni wa Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa nchini Kenya, ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilichafua makazi ya watu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi, alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Nchini Tanzania betri chakavu huhesabiwa kuwa taka hatarishi, na wanaozikusanya wanahitaji kibali chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayosimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Njia salama kwa mwenye gari ni kuirudisha betri ikiwa nzima, pamoja na asidi yake, kwa muuzaji au mkusanyaji mwenye kibali. Ikisubiri safari ya kwenda mjini, iwekwe wima mahali pakavu, mbali na watoto na vyakula.